“Nipe tu utakachoona”: neno linaloshusha bei ya jasho Bengamisa

Kuna neno moja linalosikika kila asubuhi kandokando ya barabara ya Buta, pale watu wanaposimama na panga na majembe wakingoja kazi. Mwenye shamba anauliza: “Unataka kiasi gani?” Kibarua anainamisha kichwa na kujibu: “Nipe tu utakachoona, mama.” Neno hilo lina adabu nzuri. Lina heshima kwa mkubwa, na linaonyesha kwamba aliyekuja hakuja kwa ugomvi. Lakini jioni ikifika, neno hilo hilo ndilo linalomrudisha kibarua nyumbani na franka ambazo hazitoshi hata mchele wa usiku mmoja na chupa ndogo ya mawese.

Hakuna aliyemwibia. Alikabidhi bei yake kwa mtu mwingine, na yule mtu akaona kidogo.

Bengamisa, kilomita 50 hivi kaskazini mwa Kisangani, katika teritware ya Banalia, si mahali pageni kwa kazi ya kulipwa. Wazee wanaikumbuka CABEN, kampuni ya serikali iliyolima kakao hapa. Leo kazi nyingi ni za siku kwa siku: kufyeka msitu, kulima mpunga na muhogo, kubeba mbao, kuchoma matofali, kupakia makala kwenye malori yanayokwenda mjini. Ni kazi zisizo na karatasi, zisizo na sahihi, na mara nyingi zisizo na bei iliyotajwa kabla. Ndiyo maana suala la mtu kujua thamani ya kazi yake si somo la watu wa ofisini peke yao. Linamgusa zaidi yule anayepatana na patroni kila asubuhi kuliko yule anayepatana mara moja kwa mwaka.

Mgeni na jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii inawapa heshima wote wawili. Mwenyeji anakaribisha, mgeni hakai bure. Jimbo la Tshopo limekuwa na wageni wengi wa aina hiyo miaka hii. Tangu Februari 2023, mapigano kati ya jamii za Mbole na Lengola, yaliyoanzia Lubunga kwa mgogoro wa ardhi, yalifukuza maelfu ya watu makwao. Wengine wamekimbia silaha upande wa Bafwasende. Familia hizo hazikuacha nyumba tu. Ziliacha mashamba yaliyokuwa tayari kuvunwa, mbegu, mbuzi, na hasa majirani waliojua kwamba baba fulani ni fundi mzuri wa seremala na mama fulani ana mkono wa mpunga.

Hilo la mwisho halizungumzwi sana, lakini ndilo linaloumiza katika soko la kazi. Mtu akiwa kwao, sifa yake inamtangulia. Hahitaji kujieleza. Akifika ugenini, anakuwa “mkimbizi” tu. Miaka 20 ya ufundi inafutwa kwa neno moja. Naye mwenyewe, baada ya kulala chini ya turubai na kupanga mstari wa msaada, anaanza kuamini kwamba kazi yenyewe ni msaada anaopewa. Ndipo anaposema: nipe tu utakachoona.

Ukweli ni tofauti. Msaada hutolewa bila malipo. Kibarua anatoa nguvu zake, muda wake na ujuzi wake, na shamba linabaki limelimwa hata baada ya yeye kuondoka. Mwenye shamba atavuna na kuuza. Hayo ni mabadilishano, na kila mabadilishano yana bei.

Methali ya jembe isitumiwe vibaya. Haikusema: mpe jembe alime shamba lako kwa chakula cha mchana peke yake, mwezi baada ya mwezi. Wala mtu asijifiche nyuma ya neno salongo. Wakati wa Mobutu, salongo ilikuwa kazi ya wote, isiyolipwa, kwa ajili ya mahali pa wote: barabara, soko, shule. Shamba la mtu mmoja si mahali pa wote. Anayeita vijana kumi “kusaidia kidogo” kwenye mpunga wake kisha akauza magunia Kisangani, huyo hakufanya salongo. Amepata kazi ya bure.

Nani anaharibu soko?

Katika vijiwe husikika lawama: “Hawa waliokuja wameharibu bei. Kazi tuliyokuwa tunafanya kwa kiasi fulani, wao wanakubali nusu.” Lawama hiyo ina uchungu wa kweli ndani yake. Kijana wa Bengamisa aliyezoea kulipwa vizuri kwa kufyeka anapoona kazi imekwenda kwa mwingine, ana haki ya kusikitika.

Lakini lazima swali liulizwe vizuri. Mama mwenye watoto wanne wenye njaa hakushusha bei kwa sababu anapenda nusu. Alikubali nusu kwa sababu hakujua bei ya hapa ni ipi, hakuwa na wa kumwambia, na aliyempa kazi alijua hayo yote. Aliyeshusha bei ni yule aliyeijua bei kamili na akachagua kutoitaja.

Hapa ndipo maslahi ya mwenyeji na ya mgeni yanapokutana. Mkimbizi akilipwa nusu, kesho patroni atamwambia mwenyeji: “Wewe unataka kiasi hicho kwa nini? Kuna mtu atafanya kwa nusu.” Bei ya chini ya mmoja inakuwa bei ya wote. Kwa hiyo kijana wa Bengamisa anayemficha mgeni bei halisi ya kazi anajichimbia shimo mwenyewe. Njia nzuri ya kulinda mshahara wake ni kumwambia mgeni, siku ya kwanza tu, kazi hii hapa hulipwa hivi. Maneno hayo hayagharimu kitu, na yanalinda mifuko miwili.

Sheria imesema nini

Wengi hudhani kwamba sheria ya kazi ni ya Kinshasa, ya madini, ya watu wenye beji shingoni. Sivyo. Katiba ya nchi ya 2006, katika kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu kwa kila Mkongomani, na inazungumzia malipo ya haki yanayomwezesha mfanyakazi na familia yake kuishi kwa heshima ya binadamu. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa 2016, inaingia katika mambo ya kila siku. Yako matano ambayo kila anayeshika jembe kwa malipo angefaa kuyajua.

La kwanza ni kima cha chini. Kwa miaka saba, mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida ulikuwa franka 7,075 kwa siku, kwa amri ya Mei 2018. Mwaka 2025 serikali iliupandisha hadi franka 14,500, na amri hiyo hiyo ikapanga hatua ya pili: franka 21,500 kuanzia Januari 2026. Hicho ni kiasi cha mtu asiye na ufundi wowote. Fundi, dereva au mwashi anapaswa kuwa juu ya hapo.

La pili ni usawa. Kifungu cha 86 kinasema kwamba kazi ikiwa sawa, ujuzi sawa na matokeo sawa, mshahara ni sawa kwa wafanyakazi wote, bila kujali asili yao, jinsia yao au umri wao. Neno “asili” lisomwe polepole. Lina maana kwamba kutoka Lubunga, Opala au Bafwasende si sababu ya kulipwa pungufu kuliko aliyezaliwa Bengamisa. Na neno “jinsia” lina maana kwamba mama aliyepalilia mistari ile ile aliyopalilia baba anastahili pesa zile zile. Hata Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani zinasema wana haki ya kutafuta kazi kwa uhuru kama raia wengine. Mtu aliyehama ndani ya nchi yake hakupoteza uraia wake njiani.

La tatu ni hesabu ya siku. Kuna patroni wanaomwita mtu yule yule kila siku kwa miezi, lakini kila jioni wanamwambia: “Wewe ni wa leo tu.” Kifungu cha 40 kimewaona. Kibarua wa siku kwa siku akifikisha siku 22 za kazi katika miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Kwa hiyo kuhesabu siku ni kuhesabu haki. Alama za mkaa ukutani, au mistari katika daftari la mtoto wa shule, zinaweza kuwa ushahidi, kwa sababu sheria inamruhusu mfanyakazi kuthibitisha mkataba wake kwa njia yoyote ya haki, hata kama hakuna karatasi iliyotiwa sahihi.

La nne ni saa. Sheria imeweka saa 9 kwa siku na 45 kwa juma. Zinazozidi ni za ziada, na za ziada zina malipo yake. Anayeanza alfajiri na kumaliza jua linapozama amefanya zaidi ya siku moja ya kazi.

La tano ni kuchelewa. Madai ya mshahara yana umri wake: mwaka mmoja tangu siku ambayo mshahara ulipaswa kulipwa. Anayengoja miaka miwili akiogopa kumuudhi patroni anaweza kufika mbele ya sheria na kukuta mlango umefungwa. Njia yenyewe inaanza kwa enspekta wa kazi, ambaye kazi yake ya kwanza ni kupatanisha pande mbili kabla ya shauri kwenda mahakamani.

Namba haikai mahali pamoja

Kujua kima cha chini hakutoshi ikiwa mtu hajui pesa yenyewe inanunua nini. Mwaka 2018, franka 7,075 zilikuwa zaidi ya dola 4. Mwanzoni mwa 2025, franka zile zile 7,075 zilikuwa kama dola 2 na nusu tu. Mshahara haukupunguzwa na mtu yeyote, wala hakuna aliyesoma tangazo. Ulipungua wenyewe mfukoni, kidogo kidogo, wakati mchele na sabuni vinapanda. Kisha mwishoni mwa 2025 franka ikapata nguvu ghafla, na waliokuwa wamepatana kwa dola wakaona franka zao zimepungua.

Somo ni hili: anayesema “mimi nalipwa kama mwaka juzi” anaweza kuwa analipwa pungufu bila kujua. Kipimo cha kweli cha malipo ya siku ni kapu la sokoni. Siku moja ya kazi inanunua makopo mangapi ya mchele? Mafungu mangapi ya sombe? Mama yeyote wa Bengamisa anaweza kujibu swali hilo bila kalamu. Akiona kwamba mwaka jana siku ya kupalilia ilinunua makopo fulani na mwaka huu imepungua, tayari ana hoja ya kupeleka mbele ya patroni, na ni hoja ambayo patroni naye anaielewa kwa sababu naye ananunua soko lile lile.

Patroni si wote sawa

Hapa lazima haki itendeke pia kwa upande wa pili. Mwenye shamba dogo la muhogo, mjane labda, anayehitaji watu wawili kwa siku tatu, hana sanduku la pesa. Naye anangoja mavuno. Kumwekea kitabu cha sheria mbele na kudai franka 21,500 kwa kila kichwa kutamfanya aache shamba lake liwe msitu, na kibarua abaki barabarani. Anayesema jambo hili halipo hajawahi kulima.

Kwa hiyo mwenye kutafuta kazi atenganishe aina mbili za patroni. Kuna kampuni, mwenye kibali cha mbao, mjenzi wa shule au daraja, mradi wa barabara wa kazi za mikono mingi unaoitwa HIMO, shirika linalopakua mizigo, mfanyabiashara mwenye malori. Hao wana bajeti, wana daftari, na mara nyingi wameandika katika daftari lao malipo ya kibarua kabla hawajafika kijijini. Kwao, kima cha sheria ni mahali pa kuanzia mazungumzo. Anayekubali chini ya hapo hajamsaidia maskini yeyote. Tofauti inabaki mfukoni mwa mtu wa katikati.

Halafu kuna jirani. Kwa jirani, mazungumzo yana nafasi pana zaidi kuliko pesa peke yake: kazi iwe ndogo zaidi kwa pesa zilizopo, chakula kihesabiwe wazi, sehemu ya mavuno itajwe kwa gunia na si kwa “tutaona”, kipande cha ardhi cha kulima msimu mmoja, au mbegu. Familia iliyokimbia inaweza kuona kipande cha ardhi kuwa na thamani kuliko franka za siku tatu. Lakini yote hayo yatajwe mbele ya shahidi kabla jembe halijagusa udongo. Umaskini wa mwenye shamba ni sababu ya kupatana vizuri. Hauwezi kuwa sababu ya kutopatana.

Anayedhani kwamba ukubwa wa patroni unamlinda mfanyakazi wenyewe, atazame mto Kongo upande wa Basoko, humu humu Tshopo. Lokutu, mashamba makubwa ya ngazi yaliyoanzishwa na Lever zama za Wabelgiji, yalipita mikononi mwa kampuni ya Feronia iliyopata fedha za benki za maendeleo za Ulaya. Novemba 2019 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu mashamba ya kampuni hiyo nchini Kongo. Iliandika juu ya watu waliokuwa wakichukuliwa kwa siku kwa siku, na juu ya wanawake waokota ngazi ambao baadhi yao walipata kiasi kidogo hadi dola 7.30 kwa mwezi. Kwa mwezi, si kwa juma. Kampuni ilikuwa na jina, ilikuwa na ofisi, ilikuwa na fedha za Ulaya, na bado mama aliweza kurudi nyumbani na pesa kidogo namna hiyo. Kilichofanya jambo hilo lijulikane ni wafanyakazi wenyewe, waliokubali kusema wanalipwa kiasi gani. Siri ya mshahara humsaidia anayelipa.

Kuijua bei kabla ya kuulizwa

Basi bei inajulikanaje? Si kwa kuota. Inajulikana kwa hesabu tatu ambazo zinaweza kufanywa usiku kabla ya kulala.

Hesabu ya kwanza ni ya kazi yenyewe. Kazi nyingi Bengamisa hutolewa kwa kipande, si kwa siku: “Nifyekee hapa hadi kwenye mti ule.” Kipande kina mtego. Tuseme mtu amepewa franka 20,000 kufyeka sehemu ya hatua 50 kwa 50. Zinasikika nyingi. Akitumia siku nne, amepata franka 5,000 kwa siku, na bado hajatoa chakula chake wala kunoa panga. Hiyo ni chini hata ya kima cha 2018. Kumbe pesa zilizoonekana nyingi zilikuwa kidogo. Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, mtu apime kwa hatua zake mwenyewe, aangalie kama ni kichaka au msitu wenye miti minene, kisha ajiulize: hizi ni siku ngapi?

Hesabu ya pili ni ya gharama zinazofichika. Nani analeta panga? Nani analipa toleka au pikipiki kama shamba ni mbali? Chakula cha mchana kipo au hakipo? Mtoto mchanga ataachwa na nani? Patroni akisema “chakula juu yangu”, hilo ni jambo jema, lakini sahani ya fufu isihesabiwe kama nusu ya mshahara.

Hesabu ya tatu ni ya ujuzi. Mtu asisahau alikotoka. Aliyekuwa mwashi Lubunga ni mwashi pia Bengamisa. Aliyekuwa akishona, akipima mbao, akitunza vitalu vya kakao au kahawa, aseme hivyo mwanzoni, na kama hapana anayemjua, aombe kuonyesha: ukuta wa matofali machache, mstari mmoja, nguo moja. Sheria imeweka mwezi mmoja kuwa mwisho wa majaribio kwa kibarua asiye na ufundi. Majaribio yasiyokwisha ni unyonyaji wenye jina zuri.

Baada ya hesabu hizo, mazungumzo hayahitaji ukali. Katika nchi hii mtu huanza kwa salamu, huuliza habari za nyumbani, kisha ndipo kazi. Yanaweza kwenda hivi:

“Mama, shamba nimelitembelea. Ni hatua 50 kwa 50, na upande wa chini una miti mikubwa. Ni kazi ya siku nne.”

“Siku nne? Wengine wanamaliza mbili.”

“Wanaomaliza mbili wanaacha visiki, mama. Mimi natoa na visiki. Kwa siku nne nataka franka 60,000.”

“Sina pesa hizo, mwanangu. Nina 40,000.”

“Nimesikia, mama. Kwa 40,000 nitafyeka upande wa juu wote, na ule wa chini tutauongea baada ya mavuno. Nusu unipe leo, nusu nikimaliza. Na huyu kaka awe shahidi wetu.”

Hakuna tusi hapo, wala hakuna aliyelia. Kibarua hakushusha bei ya siku yake kirahisi. Alipunguza kazi. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno na kubwa kwa mfuko. Mama naye amepata sehemu yake iliyosafishwa vizuri kwa pesa alizonazo, na heshima imebaki kwa wote wawili.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Hata hivyo, kumwambia mtu mwenye njaa “jua thamani yako” bila kumpa nguvu nyingine ni kumtupia maneno. Mtu mmoja akisema hapana barabarani, patroni anatazama wa pili. Njaa ya mtu mmoja ni dhaifu mbele ya pesa. Kinachobadilisha hali ni watu kukubaliana kabla.

Jambo hilo linawezekana Bengamisa bila kungoja Kinshasa. Soko lina bei inayojulikana: kila mtu anajua gunia la muhogo ni kiasi gani juma hili. Kwa nini siku ya kupalilia isiwe na bei inayojulikana? Mwanzoni mwa kila msimu, machifu wa vijiji, kamati za waliohama, wawakilishi wa wakulima, akina mama wa makanisa na shirika la raia wangeweza kukaa nusu siku na kukubaliana juu ya mambo machache tu: kufyeka hatua 50 kwa 50 kichakani, na msituni, siku ya kupalilia, kubeba gunia kutoka shambani hadi barabarani, tofali elfu moja. Si sheria, ni makubaliano ya chini kabisa ambayo hakuna anayepaswa kushuka. Yaandikwe kwenye ubao sokoni, yasomwe redioni kwa Kiswahili na Lingala, na kanisani siku ya Jumapili. Baada ya hapo mgeni aliyefika jana usiku atakuwa na bei ile ile kama aliyezaliwa hapa.

Wenye mashamba watasema: mkipandisha, hatutaajiri. Wasikilizwe, na ndiyo maana nao wawe mezani. Lakini nao wana faida. Kibarua aliyelipwa alichoahidiwa hurudi kesho, hafichi visiki chini ya majani, na haibi muhogo usiku ili kujilipa mwenyewe. Ugomvi mwingi unaofika kwa chifu ulianza kwa “tutaona”. Na jimbo hili limekwisha kuona gharama ya migogoro ya ardhi na jasho iliyoachwa bila kuzungumzwa mapema.

Kwa makampuni na miradi, hata makubaliano hayo si lazima: kima kimewekwa na serikali, na kifungu cha 86 kimeandikwa. Kinachohitajika ni viongozi wa kijiji kuuliza swali moja kabla hawajakaribisha mradi kwa ngoma: “Vibarua wetu watalipwa kiasi gani kwa siku, na nani atashika pesa?” Jibu lisemwe mbele ya watu wote, si kwenye veranda ya mkubwa.

Familia nyingi zilizofika Tshopo zinatarajia kurudi makwao siku moja. Watakaorudi na akiba ya kununua mbegu na mabati watakuwa wale ambao jasho lao la ugenini lilipimwa kwa haki. Watakaobaki watakuwa majirani wa kudumu wa Bengamisa, na watoto wao watakaa darasa moja na watoto wa wenyeji. Kwa wote hao, jibu la asubuhi barabarani lingefaa kubadilika. Patroni anapouliza “unataka kiasi gani?”, anauliza swali halali. Linastahili namba.